Usiuze ng'ombe juu ya video yangu

Wiki mbili zilizopita msichana mmoja kutoka Bomet alinitumia ujumbe wa sauti. Dakika tatu nzima, sauti imejaa furaha. Ati anakuja Japani mwezi wa nne. Ati mamake ameuza ng'ombe wawili wa maziwa, chama kikamwongezea, na ajenti ameshalipwa nusu. Halafu akasema kitu kilichonifanya nikae chini kwenye ngazi za stesheni: "Ajenti alituonyesha ile video yako ya matsuri, ndio mama akakubali."

Video yangu. Ile ya Julai, wanaume wanakimbia alfajiri na mzigo wa tani nzima hapa Fukuoka, maji yanarushwa, watu wanapiga mayowe, na mimi pale mwisho nacheka na kamera. Hakuna kitu nimewahi kuposti kikatazamwa na watu wengi hivyo. Huyo ajenti simjui. Hajanilipa hata bob. Amechukua tu furaha yangu ya dakika moja na nusu akaifanya brosha ya biashara yake.

Kwa hivyo leo hakuna stori tamu. Nauweka msimamo wangu hapa juu ili usiseme sikukuambia. Matembezi ya milimani na sherehe za kiangazi ndio vitu vizuri zaidi nimepata tangu nije Japani, na hakuna hata kimoja kinachofaa kukufanya uchukue mkopo. Ni vya bure. Vinatengenezwa na majirani wa kawaida kwa mikono yao. Sisi wenye kamera tunavionyesha kama zawadi unayopewa ukishafika, halafu tunaficha bei ya kufika. Huo ni uongo, na mimi nimekuwa mmoja wa waongo.

Tuanze na bei basi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma. Aprili 2024 nikaja Fukuoka kama mwanafunzi wa shule ya lugha. Ukiwa na viza ya mwanafunzi, sheria inakuruhusu kufanya kazi saa 28 kwa wiki shule ikiwa wazi, na lazima uombe kibali. Mimi hufanya usiku, saa tatu hadi saa kumi alfajiri, siku nne kwa wiki, kwenye kiwanda cha kupakia chakula. Kazi yangu ni kuweka kipande cha yai kwenye kisanduku cha bento. Kisanduku kinapita, weka yai. Kingine kinapita, weka yai. Hiyo hujawahi kuiona kwa video zangu, sindio?

Kiwango cha chini cha mshahara Mkoa wa Fukuoka kilichoanza Oktoba 2024 kilikuwa yeni 992 kwa saa, na kuanzia saa nne usiku unaongezewa asilimia 25. Kwa hicho kiwango, wiki nne zikiisha nashika karibu yeni 135,000. Ukizipeleka kwa shilingi zinacheza kama 115,000. Najua sasa hivi umesema, "Manze, na bado analia?" Tulia kwanza. Karo ya shule yangu ni yeni 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kila mwezi. Chumba ninachogawana na dada mmoja kutoka Nepal, 30,000. Stima, maji na gesi, 8,000. Simu, 2,500. Bima ya afya, 2,000. Chakula, 20,000, na hapo sijala nyama kila siku. Inabaki 12,500.

Kwa hizo, 10,000 zinaenda nyumbani. Ni kama shilingi 8,600. Mathe alichukua mkopo wa Sacco wa shilingi 450,000 ili nije, na hizo zingine wajomba wakachanga. Toa kalkuleta ugawanye mwenyewe. Ni miezi 52, na sijaweka riba. Viza ya shule ya lugha mwisho wake ni miaka miwili, miezi 24. Ukimaliza hapo lazima uwe umepata chuo, ama kazi ya kukupa viza nyingine, la sivyo unafunga virago ukirudi na deni lako kwa begi.

Sasa mimi mwenyewe nabaki na yeni 2,500 za kujienjoy mwezi mzima. Hapo ndipo hadithi ya milima inaanzia. Sikuanza kupanda milima ya Japani juu napenda maumbile. Nilianza juu ni bure.

Na niseme ukweli, ni tamu. Fukuoka ni jiji la watu zaidi ya milioni 1.6, lakini ukipiga baiskeli kidogo tayari uko msituni. Katikati ya jiji kuna bustani ya Ohori, ziwa ambalo zamani lilikuwa sehemu ya handaki la maji la ngome ya mji. Njia ya kulizunguka ni kama kilomita mbili, hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna mtu wa kukuuliza unapiga picha za nini. Kusini kuna Aburayama, mita 597. Upande wangu wa mashariki kuna Tachibana, mita 367. Usicheke. Najua Nairobi yenyewe tu iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na mtu wa Ngong akisikia mita 367 anauliza kama hiyo ni mlima ama ni matuta ya barabarani. Lakini upande Tachibana mwezi wa nane ndio utajua hujui.

Kwa sababu kiangazi cha huku si kile cha video. Dazaifu, mji ulio hapa jirani, mwaka wa 2024 ulipitisha siku 40 mfululizo joto likifika nyuzi 35 kwenda juu. Rekodi ya nchi nzima. Unyevu nao ni wa Mombasa mwezi wa tatu, ila hakuna upepo wa bahari wa kukuhurumia. Nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri hadi mtu anakosa kujisikia akiongea. Shati linakukwama mgongoni kabla hujafunga mlango. Kwenye klipu mimi huwa nimejifuta uso, nimepulizwa na feni ya mkononi, nimechagua zile sekunde nane ambazo sionekani kama mtu anayetaka kuzirai.

Tachibana ina miti ya kafuri ya miaka mamia, mikubwa hivi kwamba watu watatu hamwezi kuukumbatia mmoja mkashikana mikono. Harufu yake ni ile ya dawa ya kupakwa kifuani ukiwa na mafua. Mara ya kwanza kuinusa nilimkumbuka mathe, nikalia peke yangu pale kwenye mizizi. Hiyo pia sikuposti.

Lakini kilichonirudisha pale kila wiki si miti. Ni salamu. Mjini naweza kumaliza siku nne bila mtu kuniambia neno lolote zaidi ya bei ya kitu dukani. Kwenye treni kila mtu na simu yake. Kiwandani ni mashine na barakoa. Ukifika kwenye njia ya mlima, ghafla kila unayepishana naye anakuambia "konnichiwa". Mzee wa miaka themanini na fimbo yake, konnichiwa. Mama na mtoto mgongoni, konnichiwa. Ndio desturi yao ya mlimani. Mwezi wangu wa tatu hapa nilikuwa napanda mlima ili nisalimiwe. Nasema hivi ili ujue upweke ninaouongelea ni wa aina gani. Ukiona video ya dada Mkenya anatabasamu msituni Japani, huenda ametembea saa nzima akitafuta mtu wa kumwambia hujambo.

Sasa ile sherehe.

Inaitwa Hakata Gion Yamakasa. Inaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 15, kila mwaka. Wanasema ilianza mwaka wa 1241, mji ukiwa umevamiwa na maradhi, mtawa mmoja akabebwa na wenyeji mitaani akinyunyiza maji ya dua. Leo mitaa ya kale ya Hakata imegawanywa kwa makundi saba. Kila kundi lina jukwaa lake la mbao lenye sanamu na mapambo, uzito wake karibu tani moja, na wanalibeba mabegani mbio karibu kilomita tano. Mbio za mwisho zinaanza saa kumi na dakika 59 alfajiri kwenye hekalu la Kushida. Si saa kumi na moja. Dakika 59. Kundi la kwanza linapewa hiyo dakika moja ya ziada ili lisimame hekaluni na kuimba wimbo wa sherehe kabla ya kutoka nje.

Julai hii nilitoka kiwandani saa kumi, nikakanyaga baiskeli na mikono inanuka yai, nikafika kabla hawajatoka. Kigiza kilikuwa bado. Ngoma ikapigwa, wanaume wakaja mbio na vitambaa vyao vya kiunoni na koti fupi, wengine wazee wa umri wa babu yangu, wengine watoto wa shule wakikimbia mbele. Wanapokezana kubeba huku wanakimbia, mmoja anatoka, mwingine anaingia, mzigo hausimami. Watu wa pembeni wanawamwagia maji kwa ndoo. Nilipiga kelele hadi sauti ikaisha.

Hiyo ndiyo video. Dakika moja na nusu.

Kitu ambacho video haisemi: hao wanaume hawalipwi. Kamba wanafunga wenyewe. Jukwaa linaunganishwa bila misumari, kwa mbao na kamba, na watu wa mtaa huo huo. Kuna vyeo unavyopanda kwa miaka mingi ya kufanya kazi, na cheo kinaonekana kwa rangi ya kitambaa cha kichwa. Ukiwa mgeni hauamki tu siku moja ukaingia. Lazima kuna mtaa unaokujua. Na wanawake hawabebi. Wasichana wadogo wanaruhusiwa kukimbia, ukishakua unabaki pembeni. Hilo nilipoambiwa lilinichoma, na bado linanichoma, sitaliremba ili Japani ionekane poa.

Kwa hivyo mimi pale nilikuwa nani? Mtazamaji. Sherehe iliisha, watu wa makundi wakaenda kula na kunywa pamoja mtaani kwao, mimi nikapanda baiskeli nikaenda kulala kwenye chumba cha tatami sita. Asubuhi hiyo hiyo nikaposti. Wasee mkaandika, "Unaishi ndoto yetu." Nikaweka kopa mbili.

Nawaambia wenzangu wenye kamera, na najianza mimi: tuache hii tabia. Tuna aina mbili za kontenti kuhusu Japani na zote mbili zinaharibu watu. Ya kwanza ni ile ya "Japani wako mwaka wa 2050", barabara inang'aa, treni haichelewi, choo kinaongea, sherehe kila wikendi. Ya pili ni ya yule aliyeumizwa, ati Wajapani ni mawe, usikanyage huku. Zote zinafanana kwa kitu kimoja. Zinakuonyesha nchi kama hoteli, moja inaipa nyota tano, nyingine inaipa moja. Hakuna inayokuambia nani anafagia.

Mimi nimejua anayefagia kwa bahati mbaya. Hapa mitaani kuna ubao wa matangazo unaozunguka nyumba hadi nyumba, unaitwa kairanban. Unausoma, unaweka alama, unampelekea jirani. Mwaka wa kwanza nilikuwa naweka alama bila kuelewa hata nusu. Juni mwaka huu nikasoma vizuri: Jumapili saa moja asubuhi, kukata nyasi kwenye bustani ndogo ya mtaa na kusafisha mtaro. Nilienda kwa uoga. Nilidhani nisipoenda nitapigwa faini.

Tulikuwa watu kumi na wawili. Mimi ndiye niliyekuwa chini ya miaka hamsini. Nilipewa mundu na glavu, nikachuchumaa karibu na shosho mmoja mfupi ambaye alikuwa ananiona kila siku nikipita na baiskeli na hajawahi kuniangalia machoni. Akanionyesha jinsi ya kushika mundu. Nikamwambia nimekata nyasi ya ng'ombe tangu nikiwa darasa la tatu, nikamwonyesha mimi. Akacheka hadi akakaa chini. Akauliza jina langu. Miezi kumi na minne nimeishi nyumba tatu kutoka kwake, na hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu wa mtaa wangu aliniuliza jina.

Agosti wakaweka bon odori, ngoma ya mtaa ya msimu wa kuwakumbuka waliofariki, kwenye bustani ile ile tuliyokata nyasi. Hii haina watalii. Kuna jukwaa dogo la mbao katikati, taa za karatasi, ngoma moja, spika inayokwaruza, na watu wa mtaa wanazunguka jukwaa wakicheza. Sikuwa nimebeba kamera ya maana, nilienda tu. Shosho wangu akanivuta mkono, ndani ya duara.

Moja ya nyimbo zinazochezwa karibu kila mahali Japani msimu huo inaitwa Tanko Bushi. Ni wimbo wa wachimba makaa ya mawe, na ulizaliwa mkoa huu huu wa Fukuoka, kwenye migodi ambayo sasa imefungwa. Ukitazama mikono ya wachezaji unaona kazi yenyewe: unachimba, unachimba, unatupa mzigo begani, unakinga macho na mkono ukitazama mbali, unasukuma toroli. Nchi nzima inacheza kazi ya watu wa migodini na wengi hata hawafikirii. Nilijifunza kwa mzunguko mmoja. Nilicheza saa mbili, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikarudi na wale wale kumi na wawili kuokota vijiti vya yakitori na vikombe.

Ndio nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nimekikosa kwenye video zote. Tabasamu ya kweli nimeipata hapo, kwenye sherehe ya spika mbovu, na niliipata juu nilikuwa nimekata ile nyasi. Ile kubwa ya Julai ni nzuri kuliko kitu chochote nimeona, lakini mimi ilinipita tu kama matatu ya mtaa wa watu.

Na usidhani hiyo nidhamu imo kwa damu yao. Hao kumi na wawili wanazeeka. Shosho aliniambia zamani mtaa wake ulikuwa na usiku mbili za ngoma, sasa ni moja, na akiondoka yeye hajui nani atapika ile chakula ya watoto. Vijana wao wamehamia miji mikubwa zaidi, na wengine wako simu mkononi kama sisi. Hata Yamakasa yenyewe iliahirishwa mwaka wa 2020 na 2021 juu ya korona, na 2022 ikarudi kwa sababu kuna watu waliamua kuibeba tena. Hakuna serikali iliyoshusha hiyo kitu kutoka mbinguni.

Sasa nasikia mnavyonijibu.

"Wewe uko huko, unatufungia mlango." Hapana. Njoo. Lakini njoo ukijua ni saa 28 kwa wiki, ukijua karo ya mwaka wa pili itatoka wapi, ukiwa umesoma Kijapani hata cha kuombea maji. Kuna Wakenya wamekuja huku wakaomoka kweli, nawajua, na karibu wote walikuja na mpango, hawakuja na klipu. Ukija juu ya milima na sherehe, umenunua hewa.

"Kwetu huwezi kutembea msituni ukiwa msichana." Hapo umenishika, na sitajifanya. Hapa natoka kazini saa kumi alfajiri, peke yangu, kwa baiskeli, na sijawahi kushika funguo kati ya vidole. Hiyo ndiyo kitu pekee nitakayoililia nikirudi nyumbani. Siwezi kukwambia ukate nyasi mtaani kwenu ndio usiibiwe simu. Lakini kumbuka Karura ilivyokuwa. Wazazi wetu walikuwa wanalitaja hilo jina kwa kunong'ona. Leo watu wanapeleka watoto na baiskeli huko. Kuna watu walipigwa ndio tukapata hiyo njia ya kutembea.

Na hapa kuna aibu yangu. Mwezi uliopita juu ya Tachibana nimekaa nakunywa maji, mzee mmoja akaniuliza natoka wapi. Kenya, nikasema. Mimi nilikuwa nasubiri simba, mbio, Masai, zile za kila siku. Yeye akasema, "Ah, Maathai-san. Mottainai." Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetaja marehemu wake.

Wangari Maathai alizuru Japani mwaka wa 2005, mwaka uliofuata ule aliopewa Tuzo ya Nobel. Akakutana na hilo neno mottainai, lile wazee wa huku husema wakiona kitu kizuri kinaharibiwa bure, akalibeba kwenye mikutano ya dunia. Mzee wa Fukuoka anamjua. Mimi nimekulia Kasarani, kilomita chache kutoka Karura, msitu ambao huyo mama alipigwa hadi akatoka damu kichwani Januari 1999 akijaribu kupanda miti ili usinyakuliwe. Nimeenda Karura mara mbili maishani, mara zote mbili kupiga picha. Nilisafiri hadi bara lingine kwa mkopo wa mathe ili nifundishwe na mzee wa watu kwamba mlima mzuri una mtu aliyeupigania.

Sisemi Nairobi ni Fukuoka. Sisemi uokote taka kisha wanasiasa wanyakue ardhi ukiangalia. Maathai hakufagia peke yake, alipigana pia, na kupigana ilikuwa sehemu kubwa ya kazi. Lakini vijana wa Korogocho waligeuza jalala kando ya Mto Nairobi kuwa bustani, wakaiita People's Park, na mimi niliishi jiji moja nao bila kuwahi kufika, halafu nikalia kwa furaha kuona ziwa la Ohori. Tunapenda kitu kikishamalizwa na watu wengine.

Kwa hivyo haya ndio nitafanya. Ile video ya Julai nimeitoa. Nitairudisha, lakini hesabu yangu yote itakuwa juu yake kuanzia sekunde ya kwanza: saa, mshahara, karo, deni, miezi 52. Kila klipu ya mlima ama sherehe nitakayoweka kuanzia leo itakuwa na bei yake. Wenzangu walio nje, kama hamtaki kufanya hivyo, basi angalau mkiona ajenti ametumia uso wenu, semeni. Kimya chenu kinamlipia tangazo.

Na wewe unayetaka kuja, kabla hujatuma pesa, muulize ajenti maswali manne. Karo ya mwaka wa pili ni ngapi na nalipa lini? Nikifanya saa 28, baada ya chumba na karo nabaki na ngapi? Hela yako wewe ajenti ni ngapi, na nikinyimwa viza unarudisha ngapi, kwa maandishi? Naomba namba ya mwanafunzi aliyeko kwa hiyo shule sasa hivi, nimpigie mwenyewe. Akianza kukuonyesha video badala ya kujibu, inuka uende. Hata kama ni video yangu. Hasa kama ni video yangu.

Ukinipinga, nipinge kwa hesabu.

Dada wa Bomet, najua unasoma, juu ujumbe wangu uliuona na hukujibu. Sikukasirikii. Mimi pia mwaka wa 2024 mtu angeniambia haya ningesema ana wivu. Lakini nusu ya pili hamjalipa bado. Mpigie mamako leo, kabla ajenti hajampigia, umsomee hizo namba polepole. Ng'ombe waliobaki wasiguswe hadi huyo jamaa ajibu maswali yote manne.